Muhtasari Ambao Sikuusoma

Kura zilipigwa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
thelathini na mmoja dhidi ya mmoja:
usafi wa mwalo ni Jumamosi,
asiyeshika fagio atashika risiti, elfu tano.
Nikaandika. Mwandiko wangu mzuri,
ndiyo maana walinichagua katibu.

Huyo mmoja ni Nyanjige,
anayeanika dagaa chanja ya mwisho, karibu na mawe.
Alisimama, akajifuta magamba kwenye kanga, akasema,
"Jumamosi si yangu, siwezi kuitoa.
Nipeni Jumapili, nipeni Jumatano usiku,
nipeni choo cha wanaume, nitakisugua peke yangu."
Watu wakacheka hapo kwenye choo.
Mwenyekiti Rwegoshora akasema sheria ni msumeno.
Akasema wengi wape.

Wape.
Neno hilo nimeligeuza pamoja na dagaa
tangu saa moja asubuhi.
Wape nini? Bei ya debe, zamu ya maji, ufunguo wa stoo,
haya ni yetu sote, tuyapigie kura
hadi jua lizame nyuma ya Sengerema.
Lakini kile mtu alichokikunja kifuani
kinapinduliwa juu ya ndoo gani?

Hapa Kirumba mwaloni kila mtu ana saa yake.
Shaweji hufunga mizani Ijumaa adhuhuri,
mteja atake asitake.
Wavuvi wa Ukara hudondosha kitu majini
kabla ya kuwasha karabai. Hawasemi ni nini,
nasi hatuulizi, maana dagaa wao tunawala.
Rwegoshora mwenyewe, Jumapili, humpati hata kwa simu.
Hakuna aliyewatoza hata senti.
Siku zao ziliwahi tu kufika kabla ya kura.

Jumapili ile, alfajiri, kunguru hawajaamka,
nilimkuta Nyanjige na fagio lake la chelewa.
Amefagia kutoka gatini hadi kwenye mawe,
vichwa vya sangara amevirundika,
nyavu mbovu amezikunja kama nguo za mtoto.
Nilikuwa na kitabu cha risiti kwapani.
Nikamwandikia.
Kaboni ya bluu ikanichafua kidole.
Akaipokea kwa mikono miwili.

Sasa niseme la kwangu, halimo katika muhtasari.
Miaka sita, tangu mtumbwi umrudishe kaka yangu Lubango
akiwa mzito, kalowa, hasemi,
mimi husema "amina" kwa mdomo tu.
Nimeitafuta ndani, nimekuta chumba kilichohamwa.
Simchukii anayeomba. Sijui tu ninamwambia nani.
Na kila kikao chetu hufunguliwa kwa sala, kwa zamu,
nami zamu yangu ikikaribia
huumwa tumbo.

Jumanne tumbo likakataa kuuma.
"Katibu, tufungulie."
Nikasimama. Upepo wa ziwa ukafunua daftari
ukurasa ulioutaka wenyewe.
Nikasema, "Sina wa kumwomba.
Nikiomba nitawadanganya ninyi,
na kama yupo, nitamdanganya na yeye."

Mtu alikohoa.
Rwegoshora akatazama saa, kisha akatazama maji.
Shaweji akanong'ona dua yake, ikamtosha.
Nyanjige hakunitetea.
Jioni, tukikunja turubai, ndipo aliponiambia,
"Nitakuombea."
Nikakasirika, kidogo,
kisha nikakiona kidole changu, bado kina ubluu pembeni ya ukucha.
"Omba," nikamwambia, "hiyo ni yako."

Faini yake ingali kitabuni, namba arobaini na saba.
Ajenda ya nne, suala la Jumamosi: imeahirishwa.
Nimeiandika kwa mwandiko mzuri.
Kikao kijacho nitaisoma kwa sauti
hata nikiwa mimi ndiye yule mmoja,
au wa pili.